Sanamu Malishoni: Maswali Tunayoulizwa Kuhusu Yorkshire Sculpture Park

Mimi si mfanyakazi wa pale wala si mchongaji. Nilihamia Leeds, nikapaona mahali hapa, nikapapenda, na siku hizi kila mgeni anayetoka Tanga, Nairobi au hata Birmingham lazima nimpeleke. Maswali huwa yaleyale, mengine huanza tukiwa bado garini. Nimeona heri niyaandike pamoja na majibu niliyoyapata kwa kusoma, kwa kuuliza na kwa kukanyaga matope.

Ni mahali gani hasa?

Ni eneo la maonyesho ya sanamu lililoko kijiji cha West Bretton, kusini-magharibi mwa mji wa Wakefield, kaskazini mwa Uingereza. Huwa naita bustani kwa kukosa neno jingine, ila usitarajie maua yaliyopangwa mistari. Ni ekari 500 hivi, karibu hekta 200, za vilima, malisho, misitu na maziwa mawili. Zamani yalikuwa makazi ya kitajiri, na jumba la wenyewe, Bretton Hall, la karne ya 18, bado limesimama. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia jumba hilo liligeuzwa chuo cha kufundishia walimu, na mhadhiri mmoja wa chuo hicho, Peter Murray, ndiye aliyepata wazo la kusimamisha sanamu kwenye nyasi. Alianza mwaka 1977 kwa ruzuku ya pauni 1,000, na Uingereza nzima haikuwa na mahali pengine pa namna hiyo. Alipaongoza mpaka 2022. Mwaka 2014 pakatunukiwa tuzo ya makumbusho bora ya mwaka, jambo ambalo hunichekesha kidogo kwa sababu sehemu kubwa ya makumbusho yenyewe haina paa.

Kwa nini vitu vya thamani viachwe vinyeshewe na mvua?

Jibu jepesi ni ukubwa. Kuna kazi ambazo hazipiti mlangoni. Lakini hilo halitoshi, kwa kuwa pesa ikiwepo mlango hupanuliwa.

Jibu la pili nililielewa nikiwa nimesimama mbele ya kazi ya Henry Moore iitwayo Large Two Forms. Moore ni mtoto wa pale pale: alizaliwa Castleford mwaka 1898, baba yake akiwa mchimba makaa ya mawe. Kazi yenyewe ni madonge mawili makubwa ya bronzi yaliyotobolewa, aliyoyakamilisha mwishoni mwa miaka ya 1960. Ukichungulia kwenye tundu unaona kilima, wingu, na kondoo anayetafuna. Piga hatua tatu, picha inabadilika. Rudi jioni, imebadilika tena. Ndani ya ukumbi tundu hilo hilo lingekuonyesha ukuta mweupe na labda kifaa cha kuzimia moto.

Na jibu la tatu, ambalo kwangu ndilo kubwa, ni kwamba nje malighafi haiwezi kujificha. Ndani ya jumba lenye kiyoyozi, mti, chuma na jiwe vyote hukaa kimya. Nje kila kimoja kinasema asili yake: chuma kinashika kutu, mti unapasuka, shaba inaota ukijani, jiwe linaota kuvu. Mgeni akiniuliza aanzie wapi kuzitazama, humwambia aachane kwanza na maana. Aulize kitu hiki kimetengenezwa kwa malighafi gani, na mvua imekifanya nini.

Basi zimetengenezwa kwa vitu gani?

Karibu kila kitu. Ila bronzi ndiyo utakayoiona zaidi, kwa hiyo niieleze vizuri maana watu wengi hudhani ni donge zima la shaba lililochongwa kwa patasi.

Bronzi ni shaba iliyochanganywa na bati, nayo haichongwi, inasubiwa. Msanii huanza kwa kufinyanga umbo kwa udongo au plasta. Juu yake hutengenezwa kalibu, siku hizi mara nyingi ya mpira, na ndani ya kalibu hupakwa nta mpaka ipatikane sanamu ya nta iliyo wazi ndani. Nta hiyo huvikwa ganda gumu linalostahimili moto, kisha yote hutiwa tanuruni, nta ikayeyuka na kutoka. Pale ilipokuwa nta panabaki utupu, na humo humiminwa bronzi iliyoyeyushwa kwenye joto la nyuzi zaidi ya 1,000. Ikipoa, ganda linavunjwa. Sanamu kubwa husubiwa vipande vipande, vikaunganishwa kwa kuchomelea na kupigwa tupa mpaka mshono usionekane. Rangi ya kahawia au kijani unayoiona haijapakwa kama rangi ya ukuta: fundi humwagia dawa za tindikali huku akiichoma kwa moto wa gesi. Kwa hiyo ukigonga Moore kwa kidole (usigonge) utasikia mlio wa sufuria tupu. Unene wa bronzi yenyewe ni milimita chache tu.

Baada ya bronzi kuna mti. David Nash, mwaka 2010, alitengeneza ngazi ya magogo 71 ya mwaloni inayopanda mlima katikati ya miti. Aliyachoma mpaka yakawa meusi, kisha akayalaza juu ya tani 30 za makaa ya mawe. Wazungu niliofuatana nao walishangaa kuona mti umechomwa. Mzee wangu kutoka Lushoto hakushangaa hata kidogo. Alisema, “Si ndivyo tunavyofanya nguzo za uzio?” Na ni kweli: mti ukiunguzwa juujuu, mchwa na uozo hupata taabu kuuingia. Kuhusu makaa, eneo hili zima lilikuwa la migodi, na sehemu ambayo Moore na wenzake walikulia ilikuwa nyeusi kwa vumbi lake. Kukanyaga ngazi ile ni kukanyaga kazi ya baba zao.

Kuna na mawe yaliyopangwa bila saruji. Kuta za namna hiyo ndizo mipaka ya mashamba ya Yorkshire tangu zamani, na Andy Goldsworthy, ambaye ujanani alifanya vibarua vya shamba huku huku, alizigeuza sanamu mwaka 2007. Katika mojawapo, magogo mazima ya miti yananing'inia ndani ya mashimo ya mawe kana kwamba ukuta umeyameza. Nyingine ni ukuta wa duara msituni usio na mlango wala tundu. Unauzunguka, unauzunguka, huingii. Watoto huukasirikia sana huo.

Nimesikia kuna chumba kilichojaa mrututu. Ni kweli au watu wanatia chumvi?

Ni kweli, na bila chumvi yoyote. Kazi hiyo inaitwa Seizure, ya Roger Hiorns. Mwaka 2008 alichukua nyumba ndogo ya kupanga iliyokuwa ikingoja kubomolewa kusini mwa London, akaiziba kila upenyo kama tangi, kisha akamimina ndani lita 75,000 za maji ya moto yaliyokolezwa mrututu. Yalipopoa wiki kadhaa zikapita, maji yaliyobaki yakatolewa, na ndani kila kitu kilikuwa kimeota fuwele za buluu: kuta, dari, taa, hata beseni la kuogea.

Mtu aliyekulia kwenye kahawa, Kilimanjaro au Kisii, hahitaji kuelezwa mrututu ni nini. Ni ile dawa ya buluu ya kupulizia ukungu wa majani, iliyokuwa ikikorogwa kwenye pipa huku watoto wakifukuzwa wasisogee. Mimi nilipoingia mara ya kwanza sikufikiria sanaa. Nilifikiria bomba la kupulizia la babu likiwa limeegeshwa nyuma ya jiko. Nadhani sisi tunakiona chumba kile tofauti na wenyeji: wao wanaona pango la vito, sisi tunaona dawa iliyovamia nyumba. Na yote mawili yamo.

Jengo la London lilipobomolewa, chumba kiliokolewa, kikahamishiwa Yorkshire mwaka 2013 na kujengewa banda lake la zege. Fuwele ni dhaifu na mrututu ni sumu, kwa hiyo huingia watu wachache kwa zamu, na hugusi kitu. Nyakati nyingine hufungwa, hasa hali ya hewa ikiwa mbaya. Kama hicho ndicho kinachokupeleka, uliza kabla ya kuwasha gari.

Zile bendera za kitenge mbona hazitulii wala hazipepei?

Kwa sababu si kitenge. Ni kazi za Yinka Shonibare, aliyezaliwa London mwaka 1962 na kukulia Lagos. Zilionyeshwa pale mwaka 2013, zikiwa na urefu wa mita 6 hivi, umbo lake kama kipande cha nguo kilichodakwa na upepo kikiwa hewani. Ndani kuna fremu ya chuma, juu ni faiba, ile ile ya boti za kisasa, na maua yote yamechorwa kwa mkono.

Mzaha uko kwenye kitambaa chenyewe. Vitenge vya nta tunavyoviita vya Kiafrika vilianza kama mwigo wa batiki za Java uliofanywa na viwanda vya Uholanzi karne ya 19, vikapata soko Afrika Magharibi. Shonibare huvinunua sokoni Brixton, London. Kwa hiyo unatazama upepo usiovuma ukipeperusha nguo isiyo nguo, yenye Uafrika uliopitia Indonesia na Uholanzi. Mama mmoja niliyekuwa naye alichosema ni kwamba maua yale anayo nyumbani, tena ya rangi nzuri zaidi. Huenda ndiyo hakiki bora niliyowahi kuisikia pale.

Sanamu hizi hazikai pale daima. Kazi nyingi bustanini ni za kuazima au za maonyesho ya muda, na idadi hupanda na kushuka; kwa kawaida hukosi kazi 80 na zaidi zilizotawanyika nje.

Vyuma vyote hivi vina kutu. Wameshindwa kununua rangi?

Hapana, kutu ndiyo rangi. Kuna aina ya chuma chenye shaba kidogo na madini mengine ndani yake ambacho kikinyeshewa na kukauka mara nyingi hujivika tabaka la kutu lililoshikamana, na tabaka hilo huzuia kutu isiendelee kula ndani. Mfano maarufu uko kaskazini zaidi, karibu na Gateshead: malaika wa Antony Gormley, aliyesimamishwa mwaka 1998, kimo mita 20, mabawa mita 54, uzito tani 200. Amesimama juu ya mgodi wa zamani, na hajapakwa rangi hata siku moja.

Angalizo kwa anayetaka kuiga ufukweni: chuma hiki kinataka vipindi vya kukauka na hakipatani na chumvi. Mombasa au Unguja, upepo wa bahari utalizuia lile tabaka lisishike na chuma kitaendelea kumomonyoka.

Vingine ni kutu ya kawaida tu, na msanii anajua hivyo. Mti wa chuma wa Ai Weiwei umeunganishwa kwa vipande 97 vya chuma cha kusubu vilivyofungwa kwa boliti nene zinazoonekana waziwazi. Ulipowekwa karibu na kanisa dogo la mwaka 1744 lililomo bustanini, mwaka 2014, mwenyewe hakuuona. Serikali ya China ilikuwa imemnyima pasipoti, na alipanga maonyesho yote akiwa Beijing. Ndani ya kanisa aliweka viti 45 vya kale, vyote vya enzi za wafalme wa Qing, na wageni waliruhusiwa kuvikalia. Mtu asiyeruhusiwa kusafiri akakaribisha wengine waketi. Hapo sikuhitaji maelezo ya ukutani.

Wezi wa vyuma chakavu hawajapagundua?

Swali hili huulizwa na kila mtu wa Dar es Salaam, na si la mzaha. Mwezi Desemba 2005 wezi waliingia kwenye makao ya zamani ya Henry Moore, Hertfordshire, wakaipakia lorini sanamu yake ya mtu aliyelala yenye uzito wa zaidi ya tani 2. Ilikadiriwa kuwa na thamani ya pauni milioni 3. Polisi baadaye waliamini kwamba ilikatwakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu kwa kiasi kisichozidi pauni 1,500. Desemba 2011 kazi ya Barbara Hepworth iliyokuwa Dulwich Park, London, ilikatwa kwenye kitako chake ikaondoka vilevile.

Lakini yupo mwizi mbaya kuliko wa chuma chakavu, naye ni yule anayejua thamani. Pwani ya Kenya, Wamijikenda husimamisha vigango: nguzo za mti mgumu zilizochongwa kwa ajili ya marehemu waliokuwa wa Gohu, chama cha wazee wa kimila. Kigango hakihamishwi. Hata ukoo ukihama, chenyewe hubaki kikiliwa na mvua na mchwa, na hiyo ndiyo heshima yake. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 vigango viliibwa kwa wingi vikauzwa kwa wakusanyaji wa ng'ambo. Jumba moja la makumbusho la Denver, Marekani, lilirudisha vigango 30, navyo vikafika Kenya mwaka 2019. Huwa nakumbuka hili kila nikiona kamera za ulinzi mashambani Yorkshire.

Kondoo nao ni sehemu ya maonyesho?

Kwa maoni yangu, ndiyo. Rasmi ni mifugo ya kawaida, ng'ombe pia wapo, na malisho yamekodishwa kama malisho mengine. Ila Moore mwenyewe alipenda kondoo wawe karibu na kazi zake na aliwachora sana mwaka 1972, kwa sababu kimo chao kinaipa sanamu ukubwa wake wa haki. Mvua ikinyesha wanajibanza chini ya bronzi. Wanajikunia humo, manyoya yanabaki, na pale wanapojisugua mara nyingi bronzi inang'aa. Funga mageti nyuma yako, na mbwa afungwe kamba.

Naruhusiwa kugusa?

Soma kibao cha kazi husika. Jasho la mkono lina chumvi na asidi, na mikono elfu hufanya kazi kuliko kondoo mia. Sanamu za bronzi huoshwa kwa maji na sabuni laini, kisha hupakwa nta ili maji yateleze. Kila anayepanda mgongoni anaikwangua nta hiyo. Nimeona baba akimpandisha mtoto kwa ajili ya picha. Mlinzi alimshusha kwa upole zaidi ya alivyostahili.

Kuna moja unayoruhusiwa kuilalia, na ndiyo naipenda kuliko zote kwa wazo lake. Ndani ya zizi la mawe la Goldsworthy kuna jiwe pana bapa. Mvua ikianza, unalala juu yake chali bila kutikisika. Ukiinuka, jiwe limelowa kote isipokuwa pale ulipokuwa. Kivuli chako kimebaki kikavu, kwa sekunde kadhaa tu.

Nimezitazama, sioni maana. Nina kasoro?

Huna. Kwanza, nyingine hazina maana unayoitafuta. Pili, nyingine ni dhaifu, na sioni sababu ya kujifanya nazipenda kwa kuwa zimesimama mahali pazuri. Kuna kazi kubwa za kung'aa zilizopita pale ambazo mandhari ndiyo iliyozibeba. Ukiziondoa, kilima kinashukuru.

Lakini jaribu kitu kimoja na Hepworth. Yeye naye ni mzaliwa wa Wakefield, 1903. Mwaka 1970 alitengeneza kundi la sanamu tisa za bronzi aliloliita The Family of Man, na limesimama kwenye mteremko. Ni matofali makubwa yaliyopandishwa moja juu ya jingine, yana matundu, hayana uso wala mkono. Wageni wangu huwa wanapita haraka. Ndipo nawatajia majina: mababu wawili, wazazi wawili, bwana harusi, bibi harusi, kijana wa kiume, msichana, na mmoja aliyepewa jina la umbo la mwisho. Hapo mtu anarudi nyuma, anaanza kubishana yupi ni bibi harusi. Shangazi yangu alimtambua mara moja, akasema ni yule aliyejifanya hataki. Aliyezoea kigango, ambacho ni ubao mwembamba wenye kichwa cha duara na mistari ya pembetatu na bado ni babu wa mtu, hana ugumu wowote hapa.

Mimi ni mcha Mungu. Je, hili si jambo la masanamu?

Naulizwa na Waislamu na Walokole kwa kiasi sawa, na neno letu lenyewe linachangia: sanamu ni hiyo hiyo ya kuabudiwa kwenye Maandiko. Siwezi kumtolea mtu fatwa. Naweza kusema tu kwamba hakuna anayefanya ibada mbele ya vitu hivi, kwamba nyingi hazina sura ya kiumbe, na kwamba asiyetaka kutazama maumbo ya watu, yakiwemo ya uchi ambayo yapo, anaweza kupanga njia yake bila kukosa mengi.

Mtu huyo mpeleke kwenye kibanda cha kulungu. Ni cha karne ya 18, kimechimbwa ubavuni mwa kilima, na mwaka 2006 James Turrell, Mmarekani aliyelelewa katika madhehebu ya Quaker, alitengeneza chumba ndani yake. Kuna viti vya zege kuzunguka kuta na darini kuna tundu la mraba lililo wazi. Basi. Unakaa unatazama mbingu, na kwa vile kingo zimechongwa nyembamba mno, mbingu inaonekana kama kitambaa kilichotandazwa darini. Mvua ikinyesha inaingia. Mzee mmoja wa Kiunguja, mtu wa dini sana, alikaa humo karibu saa nzima wakati jua linazama. Tulipotoka hakusema kitu mpaka Leeds.

Kuna wasanii wa kwetu?

Karibu sana na hapo, ndani ya jumba la The Hepworth Wakefield mjini, mwaka 2019 palifanyika maonyesho makubwa ya Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Vyungu vyake hufinyangwa kwa mkono bila gurudumu, husuguliwa mpaka viakisi mwanga, kisha huchomwa vikatoka vyekundu au vyeusi kama ngozi. Sehemu ya ufundi aliupata Abuja, kutoka kwa wafinyanzi wa Nigeria. Hivyo ni vitu vya ndani, lakini ukivitazama kisha ukatoka kwenda kwa Moore, utaona tumbo na shingo kwenye bronzi zake ambazo hukuziona kabla.

Na ng'ambo ya Atlantiki, kwenye Storm King, bustani dada ya namna hii iliyoanzishwa mwaka 1960 mashambani kaskazini mwa jiji la New York, mwaka 2022 walimpa nafasi Wangechi Mutu, Mnairobi mwingine. Kazi zake za bronzi zikakaa kwenye nyasi: mwanamke aliyepanda mamba huku wakiwa mwili mmoja, na watu wawili wenye miguu kama mizizi ya mikoko wakiwa ndani ya mtumbwi. Mikoko katikati ya majani ya Marekani! Ningetoa nauli kuiona.

Afrika hakuna mahali kama hapa?

Papo, na kimoja kina umri mkubwa kuliko Yorkshire. Tengenenge, wilaya ya Guruve, kaskazini mwa Zimbabwe, ilianza mwaka 1966. Tom Blomefield alikuwa mlima tumbaku, na vikwazo dhidi ya Rhodesia vilipoua soko lake, akageukia jiwe la serpentini lililokuwa limejaa shambani kwake. Wafanyakazi wake, wengi wakiwa wahamiaji kutoka Malawi, Msumbiji, Angola na Zambia, wakawa wachongaji. Bernard Matemera alitokea huko. Sanamu zimepangwa chini ya miti maelfu kwa maelfu, na mchongaji anaishi hapo hapo zilipo. Tofauti na Yorkshire ni hiyo: kule unakutana na kazi, Tengenenge unakutana na mtu, vumbi la jiwe likiwa bado kwenye nyusi zake.

Afrika Kusini kuna NIROX, kwenye eneo yalikochimbuliwa mabaki ya binadamu wa kale karibu na Johannesburg. Nigeria kuna msitu mtakatifu wa Osun huko Osogbo, uliojazwa sanamu za saruji na Susanne Wenger pamoja na mafundi wa mji, na ambao UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2005. Huo bado ni mahali pa ibada, kwa hiyo yule aliyeuliza swali la juu asiseme sikumwonya.

Nivae nini, na watoto?

Buti. Hata Julai. Bei za kiingilio hubadilika, ila watoto wamekuwa wakiingia bure. Ukitoka barabara kuu ya M1 pita njia ya kutokea namba 38. Mabasi ni machache, kwa hiyo bila gari panga mapema. Huwezi kumaliza kote kwa siku moja, usijaribu.

Mimi ni mchongaji wa Mwenge, Dar es Salaam. Kazi yangu ya mpingo naweza kuisimamisha nje?

Swali hili liliwahi kuja kwa simu, na nililipenda kuliko yote. Moyo mweusi wa mpingo ni mgumu na wadudu hawauwezi kirahisi, lakini jua na mvua vikipokezana utapasuka, na ile sehemu nyeupe ya nje italiwa kwanza. Kama unataka iishi nje, iondoe nyeupe yote, iinue isiguse udongo, na uikubali mipasuko kama sehemu ya kazi, jinsi Nash anavyofanya na mwaloni wake. Jiwe la Kisii litavumilia mvua yetu kuliko la Ulaya linavyovumilia baridi yao, kwa kuwa kwetu maji hayagandi ndani ya nyufa. Ila ni laini, makali yake yatalika. Serpentini ya Wazimbabwe hupashwa moto na kupakwa nta ndipo inapong'aa, na nta hiyo nje haidumu, itabidi uirudie.

Aliniuliza kama wateja watanunua kitu kilichopasuka. Nikamwambia aanze na kimoja, akiweke uani, akitazame masika mawili.